Matembele Ndani ya Mfereji

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba mwishoni kabisa mwa mfereji.

Jina lake Nakiete. Kijiji chake kiko huku kwetu Upareni, milimani, na shamba lake lilikuwa bondeni, pale ambapo maji yakifika yanakuwa yameshapita kwa kila mtu. Waliokulia mjini niwaeleze kidogo, msije mkapotea. Kule juu, chini ya msitu, kuna bwawa lililochimbwa na babu zetu. Tunaliita ndiva. Kijito kinalijaza, wenye zamu wanalifungua, na maji yanashuka kwa mfereji mmoja wa udongo, shamba kwa shamba. Mfereji ni wa wote, lakini kila mwenye shamba ana kipande chake cha kusafisha. Kipande kimoja kikiziba, maji hayambembelezi mtu. Yanapanda, yanapasua ukingo, yanatumbukia korongoni, na wa chini wote wanabaki wameshika majembe.

Aliyepakana naye kwa upande wa juu alikuwa mzee mmoja aitwaye Mbazi. Mtu mwema, mcheshi, na kanisani haketi viti vya nyuma. Nakiete asingeweza kupata hata tone moja ambalo halijapita kwanza kwenye kipande cha mzee Mbazi. Nawaomba mlishike hilo, tutalihitaji.

Mwaka huo, masika yakiwa yanaishia, mlima uliporomoka. Mawe na udongo vikakifukia kijito kabla hakijafika kwenye ndiva, na mvua nayo ikakata siku hizo hizo. Mfereji ukakauka wiki ya kwanza. Ukakauka wiki ya pili. Ilipofika wiki ya tano watoto walikuwa wanautumia kama njia ya kwendea shule. Na mahindi ya Nakiete yalikuwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele. Mkulima yeyote hapa anajua maana yake. Mahindi yakitoa mbelewele yakakosa maji, utavuna magunzi.

Nakiete alikuwa mjane. Alikuwa na watoto watatu, na kikao cha ukoo kilikuwa kimeshakaa. Walisema kwa upole kabisa, wala hawakuwa watu wabaya. Mahindi yakifa, Elisante, yule wa kwanza, ataenda kwa baba yake mkubwa, wa pili kwa shangazi, na yule mdogo kwa bibi yake upande wa pili wa mlima. Kila mmoja atakula, atasoma, atalala pazuri. Nakiete aliwashukuru, akarudi nyumbani, akaangalia sufuria yake moja na sahani nne, akalia mpaka akachoka. Tangu siku hiyo alikuwa akienda shambani kila asubuhi kuyaangalia mahindi, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Sasa, watu wenye nguvu walikuwa wamepanda juu kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kwenda kukichimbua kijito. Na kabla hawajapanda kulikuwa na makubaliano. Siku watakayopata maji, Elifuraha, ambaye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kijijini, atapanda jiwe lililo juu ya mashamba na kupaza sauti kwa neno moja tu. Yamefunguliwa! Ukilisikia, acha ulichoshika, kasafishe kipande chako, maana ndiva itakuwa na maji kidogo, na hayo kidogo yakipotelea korongoni itachukua wiki mbili nyingine kujaa. Mahindi ya Nakiete hayakuwa na wiki mbili.

Na mzee Mbazi je? Ee, hapa ndipo penyewe. Mzee Mbazi alikuwa amepanda matembele ndani ya mfereji.

Msicheke. Udongo wa mfereji ni laini, una mbolea iliyoshushwa na maji ya miaka yote, na chini bado ulikuwa na unyevu kidogo. Wiki ya pili ya ukame mzee aliuangalia ule mtaro mkavu, akasema moyoni, kwa nini ardhi nzuri hivi ilale bure? Akachomeka mashina machache ya matembele. Yakashika. Akaongeza. Ilipofika wiki ya tano kipande chake kizima kilikuwa kijani, kinatambaa, kinapendeza. Mkewe alichuma mboga kila siku. Wapita njia walimsifu. Na ukweli ni kwamba, tangu matembele yashike, mzee Mbazi hakuangalia tena upande wa mlima. Hakuwa na huzuni, tena alikuwa na nafuu. Alikuwa amejipangia maisha ambayo hayana maji ndani yake, na yalimkaa vizuri.

Basi ilikuwa siku ya Alhamisi, yapata saa tatu asubuhi, upepo ukivuma kukata bonde. Sauti ikatoka juu ya jiwe. Ikaja mara tatu. Wale wenye mashamba ya juu, walio karibu na jiwe, walilisikia neno zima na wakatimua mbio kwenye vipande vyao. Lakini kule bondeni, baada ya kona ya mwisho, upepo ulilikata neno katikati. Kilichofika kwa Nakiete na kwa mzee Mbazi ni mwanzo na mwisho tu.

“Yamefu... wa!”

Enyi ndugu zangu mnaozungumza Kiswahili, mmeiona hatari iliyopo hapo? Yamefungwa. Yamefunguliwa. Maneno mawili yanaanza pamoja, yanamalizika pamoja, na katikati yake pana kifo na uzima! Kipande kidogo tu katikati, ambacho upepo wa saa tatu asubuhi unaweza kukipeperusha, ndicho kinachoamua kama watoto watatu watakula pamoja au watagawanywa. Mzee Mbazi alisimama mlangoni kwake akaitegea sikio ile sauti ya tatu, akatikisa kichwa, akamwambia mkewe, “Yamefungwa.” Hakusema uongo. Alisema alichosikia. Lakini wiki tatu nzima moyo wake ulikuwa umelala juu ya neno hilo, na lilipokuja nusu, aliumalizia mwenyewe ule upande uliopungua.

Nakiete naye alisikia nusu ile ile. Sitaki mumfanye mtakatifu. Alisikia nusu ile ile, akaketi kwenye tuta la mahindi akashika tama. Kisha likamjia wazo moja, nalo lilimjia polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo. Akasimama. Akachukua jembe. Hakwenda kwenye kipande chake. Angesafisha chake kikang'aa, kingemfaa nini ikiwa cha juu kimejaa majani? Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Mbazi, na jasho lilikuwa linamtoka kabla hajaanza kazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Elisante. Mbona na jembe saa hizi? Hukusikia? Pole sana, mwanangu. Yamefungwa.”

“Nimesikia, baba. Nimekuja tung'oe matembele.”

Mzee alidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa majonzi. Akamwuliza taratibu kama kweli alisikia wakisema yamefunguliwa, kama alilisikia neno lote. Nakiete akakiri kwamba hakulisikia lote. “Basi,” akasema mzee, akataka kurudi ndani. Ndipo Nakiete akasema lile neno lake, na mimi nikifika hapa huwa siwezi kukaa kitini.

“Baba, tangu uzaliwe, umewahi kumwona mtu anapanda jiwe lile kwenda kutangaza kufungwa?”

Mzee Mbazi akageuka. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Akaipitia yote, mwaka kwa mwaka, na hakumwona mtu huyo. Aliyeshindwa hushuka kimya, akapitia nyuma ya nyumba za watu ili asiulizwe. Hapandi jiwe lenye miiba na jua linawaka. Hapazi sauti mara tatu. Sauti ile, hata ikiwa nusu, ilikuwa na furaha ndani yake, na furaha upepo ulishindwa kuikata!

“Na yasipokuja?” mzee akauliza.

“Yasipokuja nitakupandia upya kwa mikono yangu, shina kwa shina.”

“Na mboga ya leo?”

“Ya leo si ndiyo hii tunayoing'oa?”

Mzee akacheka bila kupenda. Akavua viatu, akaingia mferejini. Waling'oa. Jamani, waling'oa! Matembele yakishika yameshika, mizizi imeingia kwenye kuta za mfereji, unavuta huku, yanakatikia kule. Mke wa mzee akaja na kapu, akaokota majani akinung'unika. Ilipokaribia saa sita kipande kilikuwa wazi, isipokuwa pembeni, upande wa korongo, palipobaki mashina matatu, manene kuliko yote, yenye majani mapana.

“Hayo yaache,” akasema mzee. “Yako pembeni. Hayamzuii mtu.”

Nakiete aliyatazama, akalitazama jua, akakumbuka kipande chake mwenyewe ambacho hakijaguswa. Akayaacha. Akakimbia kwake.

Saa saba alikuwa amemaliza. Mfereji ulikuwa wazi kutoka kona ya mwisho mpaka kwenye mahindi, safi, mkavu, na hakuna kilichokuja. Saa nane hakuna kilichokuja. Wenye uzoefu wanajua kwamba mfereji uliokauka wiki tano hunywa kwanza wenyewe. Kila ufa unataka yake, na maji yanatembea kama mzee anayepanda mlima. Lakini kujua hivyo na kukaa hapo juani ni mambo mawili. Nakiete alianza kusikia lile neno la pili kichwani. Yamefungwa. Yamefungwa. Na mzee Mbazi, kwa wema wake wote, akaita kutoka barazani, “Mama Elisante! Matembele yameiva! Njoo ule, maji yenyewe ndiyo hayo hayaji!”

Hakwenda. Alipiga magoti kwenye ukingo wa mfereji, na sala aliyosali siku ile ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. “Bwana, maneno sina. Mfereji uko wazi.” Hakuona ono, wala hakusikia chochote. Alibaki na mikono yenye tope lililokauka na njaa ya mchana.

Kisha akainua macho.

Kwenye kona ya mwisho, juu kidogo ya kipande cha mzee Mbazi, aliona yangeyange. Wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Mmoja, watatu, kumi! Na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Walikuwa wakiruka chini chini kwa kufuata mfereji, wanatua, wanadonoa, wanaruka tena mbele kidogo, wanatua. Nakiete akawafuata kwa macho. Ndege hawa walikuwa wanakula panzi na sisimizi wanaokimbia. Na panzi na sisimizi wale walikuwa wanakimbia nini ndani ya mfereji mkavu?

Maji hakuwa ameyaona. Hata sauti yake hakuwa ameisikia. Lakini alianza kuruka juu kama msichana, shuka limemdondoka, anacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu aliwaona wanaoyatangulia. Na yakaja! Yakakunja kona yakiwa machafu, mekundu, yamebeba majani makavu, vijiti, kandambili moja, povu, kila takataka ya wiki tano. Maji ya kwanza hayanyweki na wala hayapendezi. Nakiete aliona ni mazuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitazama.

Yakaingia kwenye kipande cha mzee Mbazi kwa kasi. Na pale pembeni, yakakutana na mashina matatu.

Mashina matatu tu. Kijiti kimoja kikanasa kwenye majani. Cha pili kikanasa kwenye cha kwanza. Majani makavu yakajishika hapo, kandambili ikajishika hapo, na kufumba na kufumbua pamekuwa na ukuta. Maji yakapanda. Udongo wa ukingo, ule wa upande wa korongo, ukaanza kumeguka, bonge kwa bonge. Nakiete alikuwa chini, mbali, hatua zaidi ya mia mbili. Alianza kukimbia akijua hatafika. Wiki mbili zilikuwa zinamwagikia korongoni mbele ya macho yake, na Elisante, na wa pili, na yule mdogo. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na neno lililotoka lilikuwa lile lile, zima, halina pengo. “Yamefunguliwa! Baba, yamefunguliwa!”

Safari hii mzee Mbazi alilisikia lote.

Alikuwa barazani na sahani ya ugali na matembele mkononi. Sahani ikaruka huku, mzee akaruka kule. Na viatu vyake, na suruali yake ya kanisani ambayo sijui kwa nini aliivaa siku ya Alhamisi, aliingia mferejini maji yakamfika magotini. Akalishika shina la kwanza kwa mikono miwili, akalivuta, likatoka. La pili likatoka. La tatu lilimkatalia. Akalilaza chini akalikanyaga, akaliinamia, akalivuta akianguka kifudifudi ndani ya tope, na lilipong'oka, ukuta wote wa takataka ukaondoka nalo. Maji yakashuka. Yakampita mzee akiwa bado amelala, yakapita mpakani, yakaingia kipande cha Nakiete, yakafika kwenye mahindi. Na mzee akainuka amejaa tope mpaka nyusi, ananyoosha mikono juu, anapaza sauti kwa mkewe, kwa majirani, kwa mlima wenyewe, “Yamefunguliwa! Wamama, yamefunguliwa!” Sauti yake ilikatikakatika kwa kicheko, lakini hakuna aliyelikosa neno hilo.

Mwezi wa nane Nakiete alivuna. Sitawaambia alivuna mangapi, maana mtaanza kupiga hesabu na kusahau habari. Yalitosha. Watu wanne walikula kwenye sufuria moja mwaka ule, na wa ukoo walipokuja na mzigo wa kuwasaidia watoto, walikuta Elisante anamenya mahindi mlangoni kwa mama yake, wakaketi wakala nao.

Elifuraha naye alikuwa amepita bondeni kesho yake ya ile Alhamisi, sauti imekauka, ananong'ona tu. Walipomweleza walichosikia alishika kichwa. Akasema, “Lakini mimi nililisema zima.”

Ndugu zangu, habari imekwisha, lakini mimi sijamaliza nanyi. Kuna jiwe jingine, la kaburi la Bwana. Wanawake walilifuata alfajiri ya siku ya kwanza wakijua limefungwa, wakiulizana njiani nani atawaviringishia. Lilikuwa limefunguliwa! Kuna mmoja aliyepanda mahali pa juu akalisema neno hilo, akalisema zima, kwa gharama ya damu yake. Ila sisi tunaishi bondeni, na upepo upo. Daktari anazungumza, unasikia yamefungwa. Barua ya kazi haijibiwi, unasikia yamefungwa. Mtoto uliyemlea kwa maombi hapigi simu mwaka wa pili huu, na kila ukisali unasikia mwanzo na mwisho tu wa ahadi, na katikati unapamalizia mwenyewe. Nawaambia nikiwa na furaha ambayo siwezi kuificha, aliyelisema hajakosea! Maji yako njiani, yananyonywa na nyufa za mbali ambazo huzioni, na yangeyange wake wameshaanza kuruka, ukiinua macho utawaona.

Najua mmesafisha. Nawafahamu, mmekuja kwa kufunga, kwa kuomba, mmeng'oa mengi, na mikono yenu inaonyesha. Nami ninawauliza jambo moja tu mlichukue njiani mwendapo nyumbani. Yale mashina matatu uliyoyabakiza pembeni, yale ambayo unasema hayamzuii mtu, utayang'oa leo, au unangoja mpaka maji yafike?